Nilivyofanya brekipointi zifuate msimbo wake

Katwe, hapa Kampala, nafundisha Python, lugha ya kuandikia programu, kwa Kiswahili, maana wanafunzi wangu wengi wametoka Goma na Bukavu. Kompyuta zetu ni za zamani, kwa hiyo niliwaandikia kihariri chepesi, yaani programu ya kuandikia msimbo. Kilichonikalisha macho ni brekipointi: kile kidoti chekundu pembeni mwa mstari kinachoiamuru programu isimame hapo, mwanafunzi achungulie vigeu vina nini.

Kutunza namba ya mstari peke yake hakutoshi. Mwanafunzi ameweka kidoti mstari wa 10, penye jumla = jumla + akiba. Akiandika mistari miwili juu yake, hesabu hiyo inashuka hadi wa 12, kidoti kinabaki wa 10 kikilinda kitu kingine kabisa. Anayejifunza hatashuku kihariri. Atajiona yeye ndiye hajaelewa somo. Hilo sikukubali.

Nikafuata njia ambayo Emacs, kihariri cha siku nyingi, imeitumia miaka mingi. Kila kidoti kina nanga ndani ya maandishi, yaani ni herufi ya ngapi tangu mwanzo wa faili. Herufi zikiongezwa kabla yake, nanga inasogea mbele kwa idadi ileile; zikifutwa, inarudi nyuma. Namba ya mstari hukokotolewa pale inapotakiwa tu.

Ugumu wenyewe uko pale maandishi yanapoingia palepale penye nanga. Nanga ibaki nyuma ya maandishi hayo mapya au isukumwe mbele? Katika Emacs, nanga ya kawaida hubaki nyuma, ila unaweza kuibadilisha. Kwenye jaribio darasani binti mmoja alibonyeza Enter mwanzoni mwa mstari wa 10, akaniita: "Mwalimu, kidoti kimebaki kwenye mstari mtupu." Hesabu ilikuwa imeshuka. Basi nanga zangu zote husukumwa mbele, tena nazifunga kwenye herufi ya kwanza ya msimbo, si kwenye nafasi tupu zinazotangulia. Python inajali sana nafasi hizo na wanafunzi wanazibadilisha kila mara. Nanga haiachani tena na msimbo wake kwa ajili ya mabadiliko hayo.

Mstari wote ukifutwa, kidoti nacho kinaondoka, lakini nakihifadhi pamoja na kumbukumbu ya Ctrl+Z ili mstari ukirudi kirudi nao. Programu ya kupanga msimbo ikibadilisha faili nzima kwa mkupuo, kwanza nalinganisha maandishi ya zamani na mapya, kisha nagusa mistari iliyobadilika tu. Bila hivyo nanga zote zingefutika.

Upande wa dibaga, yaani chombo kinachoendesha programu na kuisimamisha penye kidoti, natumia Debug Adapter Protocol, utaratibu wa mawasiliano kati ya kihariri na dibaga. Ombi lake la setBreakpoints hutuma orodha kamili ya faili moja, na orodha hiyo hufuta iliyotangulia. Jibu la dibaga hueleza kila brekipointi kama imethibitishwa, na pengine hutaja mstari tofauti na ulioombwa; mimi nakihamishia kidoti huko.

Programu ikiwa inaendelea kukimbia, bado inatumia maandishi ya zamani hata kama mwanafunzi ameshahariri. Hapo natunza namba mbili, ya zamani kwa ajili ya dibaga na mpya kwa ajili ya skrini, na kidoti kinakuwa cha kijivu mpaka faili ihifadhiwe na programu ianzishwe upya.