Kitaa Chekundu na Betri za Mama

Kwenye kibanda changu cha ufundi hapa Moshi mjini kuna jambo nimeliona labda mara elfu bila kulihoji. Mteja analeta taa ya sola yenye vitaa vya rangi mbalimbali, betri imekwisha kabisa, lakini chekundu bado kinawaka. Cha kijani kinafifia. Cha bluu kilishakata roho zamani. Mtu akiniuliza kwa nini, nilikuwa namjibu kifundi: "Bluu inakula volti nyingi." Ni jibu la kweli, ila ni la kumfanya mteja achukue taa yake aende.

Desemba iliyopita nikapanda nyumbani kwetu Mamba kama wenzangu wote. Desemba ya huku mnaijua, barabara ya Himo ina magari ya Dar kuliko migomba. Mpwa wangu, anayesoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) kidato cha sita, naye alikuwepo likizo na daftari lake la fizikia.

"Mjomba, Newton namuelewa," akaniambia. "Hii kwantamu naikariri tu. Wewe unashika umeme kila siku, nieleze."

Mimi niliishia kidato cha nne. Nikaanza na Newton ili kuvuta muda: daladala ikifunga breki abiria anaendelea mbele, gunia likiongezwa uzito kulisukuma kunakuwa kazi, na kadhalika. Hayo anayajua kuliko mimi. Tulikwama kwenye Kiswahili chenyewe. Mtaani kila kitu ni nguvu: nguvu ya kusukuma mkokoteni, nguvu ya betri, taa ina nguvu. Vitabuni hivyo ni vitu vitatu. Tukakubaliana kwamba kusukuma au kuvuta ni kani. Kile unachokinunua kwa Luku ni nishati. Na kasi ya kuitumia, zile wati zilizoandikwa kwenye taa, ndiyo tukaiachia jina la nguvu. Tusingegawana maneno hayo tungezunguka mpaka leo, maana habari yote ya kwantamu ni habari ya nishati.

Nikachukua redio ya mama iliyokuwa mezani. Nikazungusha volyumu polepole. Sauti inapanda bila kuruka, unaweza kusimama popote unapotaka. Hiyo ndiyo fizikia ya Newton: kasi yoyote, nishati yoyote, hata kidogo namna gani. Kisha nikasukuma swichi ya bendi. Tak, FM. Tak, MW. Katikati hakuna kituo. Nikamwambia, nionavyo mimi, kwantamu ni kugundua kwamba kile tulichodhani ni volyumu, huko chini kabisa ni swichi.

Akauliza swali la maana: nani aliwaambia?

Hapo nilikuwa na jibu, kwa sababu Mamba kuna wahunzi tangu enzi za mababu. Mhunzi hana kipimajoto, anasoma rangi ya chuma. Kwanza kinakuwa chekundu kama damu, kisha cha chungwa, kisha cha njano, mwisho kinaelekea weupe. Hakuna aliyewahi kuona chuma kinaanza na bluu. Ukilipigia hesabu jambo hilo kwa kanuni za zamani, hesabu zinakuambia kila kitu cha moto kinapaswa kumwaga mwanga unaozidi kadiri unavyoelekea zambarau na kuipita, bila kikomo. Kwa hesabu hizo jiko la mkaa lingekubabua ngozi kwa miale isiyoonekana kabla ugali haujaiva. Desemba 1900, mjini Berlin, Max Planck akaonyesha kuwa hesabu inakaa sawa ukikubali kwamba nishati inatolewa kwa vipande, na ukubwa wa kipande ni masafa ya mwanga (idadi ya mitikisiko ya wimbi lake kwa sekunde) mara namba moja ndogo mno, ambayo leo inaandikwa h. Bluu ina masafa makubwa kuliko nyekundu, kwa hiyo kipande chake ni kikubwa. Chuma ambacho hakijapata moto wa kutosha hakiwezi kukimudu.

Mwaka 1905 Einstein akaenda mbali zaidi: mwanga wenyewe ni vipande. Ndivyo alivyoeleza kwa nini mwanga wa masafa madogo, hata uwe mkali vipi, haung'oi elektroni kwenye bati la metali, wakati mwanga hafifu wa masafa makubwa unang'oa. Fikiria mlinzi wa geti anayetaka noti moja ya elfu kumi. Mletee ndoo nzima ya sarafu za mia mia, hakufungulii.

Mpwa akatikisa kichwa. "Hayo ndiyo yameandikwa humu, mjomba. Nayajua. Siyaamini."

Ndipo nikakumbuka kitaa chekundu. Ndani ya LED, ndilo jina la vitaa hivi, kuna kidato kimoja (cha ngazi, si cha shule). Elektroni ikishuka kidato hicho inatema fotoni moja, yaani kipande kimoja cha mwanga. Urefu wa kidato ni volti. Kama Planck anasema kweli, basi volti ya kuwashia kila rangi ipande sambamba na masafa ya rangi hiyo, na mteremko wa mstari, ukiuzidisha kwa chaji ya elektroni, utoe h. Vitaa ninavyo, mita ninayo. Nilikuwa nimeishikilia fizikia hiyo mkononi miaka yote nikiiita ulaji wa volti.

Betri nne nikazitoa kwenye redio ya mama. Volyumu nikaing'oa kwenye redio mbovu niliyopanda nayo kutoka kibandani. Kwa haraka zangu sikuweka rizista. Nikazungusha volyumu mpaka mwisho, kitaa cha kwanza kikapata volti 6 zote, kikang'aa kwa sekunde moja na kunyamaza. Fundi mzima. Mpwa hakusema kitu, ila aliandika kwenye daftari: "LED 1, marehemu." Nikaweka rizista ya omu 330, tukaendelea.

Usiku umeme ulikatika, na kwa mara ya kwanza maishani nikashukuru. Tukajifungia stoo ya mahindi. Kila kitaa tulikichomeka kwenye kipande cha bomba jeusi la maji, yeye anachungulia upande wa pili, mimi nazungusha volyumu nywele kwa nywele. Akisema "hapo", nasoma mita. Tulirudia kila rangi mara tano, maana jicho linadanganya. Wastani ulitoka hivi: nyekundu volti 1.64, njano 1.79, kijani 2.13, bluu 2.38. Urefu wa mawimbi tuliuchukua kwenye karatasi ya dukani nilikovinunua: nanomita 630, 590, 525 na 470.

Tulijaribu na kitaa cheupe, kikatuvuruga. Kiliwaka karibu palepale pa bluu, na mpwa akadhani tumeunga waya vibaya. Hatukukosea. LED nyeupe ni ya bluu iliyopakwa unga wa njano juu. Ukiitazama ikiwa imezimwa, ule unjano unauona.

Asubuhi akageuza urefu wa mawimbi kuwa masafa, akachora grafu ya volti kwa masafa. Nukta nne, tatu kwenye mstari kama askari, ya kijani imejitokeza juu kidogo. Mteremko ukatupa h ya 7.3 × 10⁻³⁴. Ile ya vitabuni ni 6.626 × 10⁻³⁴. Tumekosea kama asilimia 10, kwa vitaa vya bei ya chenji na stoo ya mahindi. Mteremko una faida yake: jicho huona mwanga kabla volti haijafikia urefu kamili wa kidato, kwa kuwa joto huzisaidia elektroni chache kuruka, lakini kosa hilo linakaribiana kwa rangi zote, kwa hiyo sehemu kubwa inajifuta. Tulipojaribu kugawanya volti za nyekundu peke yake, tulipata 5.5 × 10⁻³⁴. (Namba hii si ya wanafunzi tu. Tangu Mei 2019 kilo yenyewe inafafanuliwa kwa h, hata kilo ya sukari ya soko la Mbuyuni.)

"Sasa naamini vipande," akasema. "Ila hapa tumetumia urefu wa mawimbi. Mwanga ni wimbi au ni kipande?"

Nilitaka kumwambia amuulize mwalimu. Akasema darasani anaona aibu. Nikamkumbusha Erasto Mpemba, aliyechekwa shuleni mwaka 1963 kwa kusema maziwa ya moto yaliwahi kuganda kuliko ya baridi, na makala yake na mwanafizikia Osborne ilipotoka 1969 alikuwa chuo cha wanyamapori cha Mweka, si mbali na hapa.

"Mpemba alikuwa na friji," akajibu. "Sisi tuna nini?"

Tulikuwa na CD ya kwaya iliyokwaruzika na tochi ndogo ya leza ya kuning'iniza kwenye funguo. Mistari ya CD imepishana kwa nanomita 1,600. Nikatoboa boksi la tambi, nikapitisha leza kwenye tundu, CD ikakaa mita moja nyuma yake ikitazama boksi. Madoa mawili mekundu yakarudi kwenye boksi, moja kila upande wa tundu, sentimita 45 kutoka katikati. Mpwa akapiga hesabu ya sini: nanomita 657. Kibandiko cha leza kinasema 650. Vipande peke yake havielezi madoa hayo. Ni mawimbi yanayokutana, pengine yakijumlishana, pengine yakifutana. Kisha akang'oa unywele wake mmoja akauweka mbele ya leza. Kwenye ukuta wa mbali, badala ya kivuli kimoja, ukatokea msururu wa vistari vya mwanga na giza.

Meza moja, mwanga uleule mwekundu. Mita inasema vipande, CD inasema wimbi.

Halafu nikamsimulia jambo linaloninyima usingizi tangu nilipolisoma. Mwaka 1909, mwanafizikia G. I. Taylor huko Cambridge alipiga picha ya kivuli cha sindano kwa mwanga hafifu kiasi kwamba picha moja ilichukua karibu miezi mitatu. Mwanga ulikuwa kidogo mno hata fotoni mbili kukutana njiani ni nadra. Vistari vikatokea vilevile.

Mpwa akanyamaza akiutazama ukuta. "Kwa hiyo kila fotoni inapita peke yake. Inajuaje kwamba unywele una upande wa pili?"

Nikamwambia wataalamu wanaweza kupiga hesabu wapi itatua mara ngapi katika elfu, na hesabu hiyo haijawahi kuwaangusha. Ila ukiwauliza inapitaje, mpaka leo wanabishana. Akafungua ukurasa mpya, akaandika swali lake, akalipigia mstari mara mbili.

"Nyie wawili!" mama akaita toka jikoni. "Habari ya saa mbili inaanza, redio yangu imekuwaje?"

Mpwa akaniangalia. Betri tatu nilizipata chini ya meza. Ya nne tuliitafuta kwenye mahindi kwa mwanga wa leza, na taarifa ya habari ilikuwa imefika kwenye michezo tulipoiona.