Mwaka huu fimbo nimezipumzisha mpaka mwisho wa Machi

Jumapili hii nimeamka saa moja asubuhi, nje giza bado, kioo cha gari kimeganda barafu, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kucheza gofu huku Uingereza sikushuka kukikwangua. Nimerudi kitandani. Simu nayo haitulii, kundi letu la wasapu washaanza, uwanja uko wazi, grini (zile nyasi fupi zenye shimo) ni za muda, torori za kukokotea begi la fimbo marufuku, nani anakuja, mie nimegeukia ukutani. Mama watoto ananiuliza, wewe unaumwa?

Siumwi. Nimeamua tu. Kuanzia Desemba hii mpaka ile Jumapili ya mwisho ya Machi wanaposogeza saa mbele, sichezi. Najua kwa wengine hili si jambo la kuandikia hata mistari miwili, lakini kwangu limekuwa zito na nitakwambia kwa nini.

Mie gofu sikuijua kama mchezo, niliijua kama kibarua. Nilikuwa kedi, yaani mbeba fimbo za wachezaji, Mombasa, ule uwanja wa mashimo tisa pale Mama Ngina Drive, baharini kabisa, meli zinaingia mlango wa Likoni karibu mpaka unaona mabaharia wameanika nguo. Navuka feri asubuhi kutoka Likoni (kwa miguu ni bure, hilo lilikuwa muhimu), natembea hadi pale, nangoja. Mchezaji akija na akanichukua, leo nyumbani kuna unga. Asipokuja, hakuna. Msimu wetu ulikuwa upepo tu. Kaskazi ikivuma wewe kedi unajua shimo hili mpe fimbo hii, kusi ikishika unampa nyingine na bado atakulaumu mpira ukienda kwa samaki. Na masika ikikolea mwezi wa tano tunajibanza pembeni tunaangalia mvua, anatokea mzee na gari lake, tunaomba Mungu asigeuze. Sasa mtu aliyekulia hivyo umwambie kuna watu wanazo fimbo, wanazo ada zimelipwa, uwanja uko wazi, halafu kwa hiari yao wanakaa nyumbani miezi minne? Nilikuwa nawaona wamelewa shibe.

Kwa hiyo nilipopata uanachama hapa Leicestershire mwaka 2021 niliapa sikosi wiki. Na sikukosa, baridi tatu mfululizo, nguo tano mwilini natembea kama godoro lililofungwa kamba.

Ila ngoja nikueleze gofu ya Januari ya huku ikoje maana kwenye TV hawakuonyeshi. Udongo wa huku ni mfinyanzi mtupu, maji hayashuki, unatembea unasikia kiatu kinanyonywa. Torori wanazikataza magurudumu yasichane nyasi, kwa hiyo begi ni mgongoni, mie tena nimegeuka kedi wangu mwenyewe na hakuna wa kunilipa. Grini halisi zimefungwa, wamekata kiduara kwenye nyasi za mbele yake wakachimba shimo, hiyo ndiyo grini yako, kuputi pale, yaani kuusukuma mpira uingie shimoni, ni kama kusukuma gololi kwenye jamvi lililokunjika. Kuna viwanja unabeba kijimkeka chako cha plastiki, kila ukipiga unakitandika kwanza, unapiga, unakiokota, unaenda nacho. Mpira ukipanda juu ukishuka unazama topeni mzima mzima, mnautafuta watu wanne kwa vijiti. Ukipona na tope kuna majani yaliyodondoka, mpira unajificha humo. Na baridi yenyewe inaufanya mpira uwe mgumu, hewa nayo nzito, fimbo namba saba inakupa umbali wa namba nane, ile ya masafa mafupi zaidi. Saa kumi jioni giza linaanza kuingia, mmalize au msimalize.

Asubuhi za barafu ndiyo tabu nyingine. Zamani nilikuwa nanung'unika tukifungiwa grini mpaka jua litoke, mpaka jamaa anayetunza uwanja akanichukua akanionyesha nyayo za mtu, nyeusi tii, zimepita katikati ya grini kama alikanyaga na wino. Akaniambia jani likiganda maji ya ndani yanakuwa barafu, ukilikanyaga linavunjika ndani kwa ndani, leo huoni kitu, baada ya siku chache linakufa. Mbaya zaidi ni pale juu pameyeyuka na chini bado pamekaza, mnatembea juu mizizi inakatika chini, na hiyo haionekani kabisa mpaka majira ya kuchipua.

Na hiyo hiyo ndiyo iliyonikata mie. Januari mwaka huu, shimo la sita, juu panaonekana laini, nikashusha fimbo kama kawaida, inchi moja ya tope halafu chini yake jiwe. Sio jiwe, ni ardhi imeganda, lakini mkono haukujua tofauti. Nilisikia umeme kutoka kifundo cha mkono mpaka kwenye kiwiko, fimbo ikaanguka, mpira ukasogea labda hatua tatu. Wenzangu wakacheka, na mie nikacheka, usiku nikashindwa kunyanyua birika la chai. Mtaalamu wa viungo akanipa wiki sita bila kugusa fimbo.

Wiki ya kwanza nilikuwa kama kuku anayetaka kutaga. Ya pili nikaanza kwenda sokoni Jumamosi na watoto. Ya tatu nikagundua mwanangu mdogo anacheza mpira vizuri tu, na mie sikuwahi kumwona akicheza manake mechi zao ni Jumapili asubuhi. Februari nikakaa kwenye kochi kuangalia mashindano ya gofu ya Kenya Open, ilikuwa Muthaiga kule Nairobi, nyasi kijani, watu wamevaa mikono mifupi, nikawa nawaza hata mapro, wachezaji wa kulipwa wa mashindano ya Ulaya wenyewe, Januari na Februari hawakai Ulaya, wanaanzia Dubai wanateremka Afrika, ila mie wa handikapu 16, mchezaji wa kawaida tu, ndiye nimejitia mwanamume wa kupigana na tope la Leicestershire.

Niliporudi mwisho wa Machi mchezo wa kwanza ulikuwa aibu, sitaki kusema. Wa pili afadhali. Wa nne nilikuwa pale pale nilipoachia, na kiwiko kimya. Yaani zile baridi tatu za kujitesa sijui zilikuwa zinanihifadhia kitu gani, kama si kuniharibia mpigo, maana ukizoea kupiga huku unaogopa ardhi unaanza kuinua mikono mapema na mazoea hayo unaingia nayo mpaka Juni.

Lakini sitaki kujifanya nimepata fatwa ya kila mtu. Kuna mzee kwenye kundi letu, miaka 78, hajakosa baridi hata moja. Nilipomwambia napumzika akanitazama akasema kijana, wewe ukisimama utaanza tena, mie nikisimama ndiyo basi. Sikuwa na la kumjibu. Kwake zile Jumapili ni mguu kutembea na watu wa kuongea nao, skoo haina habari. Angekuwa baba yangu ningemfungia viatu mwenyewe aende.

Pesa? Ada inakatwa kila mwezi ucheze usicheze, na hilo linaniuma, sitadanganya, kila ikikatwa namkumbuka yule kijana wa Likoni.

Na kwa kweli jana nimempigia mwenzangu tuliyekuwa kedi pamoja, yeye yuko pale pale bado. Nikamwambia sichezi mpaka Machi. "Wamefunga uwanja?" La, uko wazi. "Sasa?" Baridi, nikasema. Akanyamaza kidogo. Halafu akaniambia huku kaskazi safi kabisa, ila toka asubuhi wameshakaa na hajaja mtu.

Nimemtumia kwenye M-Pesa hela ya kedi ya mashimo tisa. Haikupita dakika akajibu: "Imefika, sheikh. Umepiga ngapi?"