Kanzu ya Samweli, kila mwaka

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimeshindana na uzi. Majilio yameanza, na kikundi chetu cha akina mama kiliahidi kwamba zawadi za Krismasi za wazee wanaoishi kwenye makao ya wazee hapa Moshi tutazitengeneza kwa mikono yetu. Sasa vidole vinakufa ganzi, macho yanagoma usiku, na dada mmoja akasema kikaoni, "Si tukanunue tu soko la Mbuyuni kwa bei ya jumla, tugawe, tumalize?" Nusu ya moyo wangu ikaitikia amina. Sabuni, sukari, mafuta ya kupaka, asubuhi moja kazi imekwisha.

Lakini Hana, mama yake nabii Samweli, hakuniacha nilale. Tunamjua Hana aliyeomba mtoto kwa uchungu kule Shilo mpaka kuhani Eli akadhani amelewa. Akishamtoa Samweli amtumikie Bwana huko huko Shilo, wengi wetu tunafunga Biblia. Endelea mpaka 1 Samweli 2:19. Kila mwaka alipopanda na mumewe kutoa dhabihu, alimpelekea mwanawe kanzu ndogo aliyomtengenezea mwenyewe. Mstari wa 21 unasema Bwana alimjalia watoto wengine, wana watatu na binti wawili. Nyumba imejaa, kazi haziishi, na kanzu ya Samweli bado inashonwa. Tena mtoto hakai kimo kimoja. Ya mwaka jana haimfai mwaka huu, kwa hiyo Hana alipaswa kumtazama vizuri kabla ya kuagana naye, kisha arudi nyumbani Rama akimkadiria moyoni mwezi hadi mwezi: sasa atakuwa amenifika wapi?

Mpendwa, katoni ya sabuni unaweza kuitoa bila kumjua mtu yeyote. Kanzu huwezi. Mwenye kushona lazima aulize, apime, asikilize. Ndiyo maana tulikwenda kwanza mikono mitupu, na daftari. Shikamoo, marahaba, tukakaa. Babu mmoja alipoambiwa tunafuma kofia akacheka: "Kofia ya sufu, Moshi, Desemba? Nishonee kifuko cha redio, chenye kamba ya shingoni, mkono wangu ni wa fimbo." Bibi mwingine anataka blauzi isiyo na vifungo vidogo, vidole havivishiki tena. Wahudumu nao wakatufundisha. Soksi za kufuma zinateleza kwenye sakafu ya saruji, na mzee akivunjika nyonga ni habari nyingine. Wenye kisukari tusiwapelekee pipi. Jina litariziwe kwenye kila nguo, maana zinafuliwa pamoja. Ni nani angeyajua haya akiwa kwenye foleni ya duka la jumla?

Sasa niseme neno, mkinuna nuneni. Tunafika na fulana za kufanana, tunawapanga wazee kwenye benchi, bibi wa watu anashikishwa mfuko wa unga mpaka picha itoke vizuri, halafu tunaondoka na hakuna hata mmoja wetu anayejua anaitwa nani. Mathayo 6, kwamba sadaka itolewe kwa siri, tumeikariri tangu shule ya Jumapili! Na sisi wa Kilimanjaro tunajisifu kwamba Desemba kila mtu anarudi nyumbani. Mabasi ya Dar yanajaa, njia ya Marangu magari hayasogei, mbuzi wanachinjwa. Kuna wazee hapa hapa mjini ambao hakuna aliyekata tiketi kwa ajili yao. "Usinitupe wakati wa uzee" tunaiimba kwa sauti nne. Wao wanaiomba.

Jambo la mwisho. Bibi mmoja aliichukua sindano yangu ya kroshia, akaigeuzageuza, akasema nimletee uzi mweupe. Amefuma vitambaa vya makochi tangu usichana wake, na anataka kumfumia dada anayemwogesha kila asubuhi. Zaburi 92 inasema wenye haki watazaa matunda hata wakati wa uzee, na sisi tulikuwa tumemwandika kwenye orodha ya wapokeaji tu. Basi tuwapelekee na nyuzi, kwa wenye kutaka nao kutoa.

Jumamosi tukutane kanisani saa nane mchana. Mwenye cherehani ya mkono aje nayo, umeme hatuuamini. Vitambaa vya pamba, lastiki pana, uzi mweupe kwa wingi. Kila mmoja atapewa jina la mzee mmoja na vipimo vyake, na zawadi ataipeleka mwenyewe, akae naye mpaka chai iishe.