Kiatu Kifuani

Kazi ya tailizi nilifundishwa na mjomba wangu, Temeke. Alikuwa na sharti moja: ukishamaliza ukuta, rudi nyuma hatua tano uutazame, na jicho lisikwame popote. Asubuhi ile Lisbon, mwaka 2017, nilitandaza vigae sakafuni na jicho likakwama kila mahali.

Tulipewa ukuta wa ngazi katika jengo la zamani la kupangisha. Vigae vilitoka kwa mama mmoja mchoraji, vimepakwa kwa mkono, samawati juu ya weupe, kila kimoja sentimita 14 kwa 14. Nyuma alikuwa ameandika herufi ya mstari na namba ya nafasi. Mafundi wa Kireno wana desturi hiyo tangu zamani, maana picha moja huweza kubeba vigae mia na zaidi. Nilivutiwa sana. Temeke nilizoea vigae vinavyofanana vyote, ukichukua chochote kinakwenda popote. Hapa kila kigae kilikuwa na kwao.

Nikavipanga kwa namba. Akatokea mtu wa kale, koti refu, soksi za kufika magotini, ila kichwa kilikuwa pale magotini, kiatu kimekaa kifuani, na kiganja kinachomoza chini kabisa. Nikajiambia aliyeandika namba amekosea. Mwenzangu alikuwa ametoka kununua gundi. Nikapiga magoti, nikaanza kumuunga yule bwana kiungo kwa kiungo, hata akasimama mzima, mkono wake umenyooka mbele. Nilifurahi kweli.

Mama alifika kabla ya saa sita. Alitazama kimya, akainama, akageuza kigae kimoja, akasoma nyuma yake. Mwenzangu, mzaliwa wa Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, ndiye aliyenitafsiria.

"Ndugu yangu, anasema umempanga vizuri. Yeye mwenyewe alimchora hivyo hivyo, mzima. Halafu ndipo akampa namba za kumvunja. Namba hazina kosa."

Hakunifokea. Alitwambia tunawe mikono, akatupandisha metro mpaka kituo cha Campo Grande.

Nilikuwa nimepita kituo hicho mara nyingi nikiwahi kazini, sijawahi kusimama. Kuta zake ni kazi ya msanii wa Kireno, Eduardo Nery, ya mwaka 1993. Mama akaeleza: karne ya 18, kwenye milango na ngazi za majumba ya wakubwa, walichorwa watumishi na walinzi wa kimo cha binadamu, kazi yao kumkaribisha mgeni. Nery akawachukua haohao, akawakata kwa kufuata mistari ya vigae, akahamisha vipande. Unaona kofia, unaona mguu, na mtu mwenyewe anakukwepa. Kisha mama akatukumbusha kitu tunachokiona mitaani kila siku: kigae cha zamani kikidondoka, mwenye nyumba hupachika alichonacho, na ua likaota katikati ya tanga la jahazi. Hapo nikaelewa. Nilikuwa nimeziona kuta hizo nikazihesabu ni uzembe.

Tuliporudi nilimvunja tena yule bwana kwa mikono yangu, namba kwa namba. Haikuwa rahisi, kila kigae mkono ulitaka kukipeleka kwao. Lakini sijawahi kutumia pima maji na timazi kwa uangalifu kama wiki ile. Picha ikivunjwa, kinachoushika ukuta ni mistari ya viungo kati ya vigae. Ningeacha milimita mbili hapa na tatu pale, uamuzi wa mama ungeonekana kosa la fundi. Nilibandua mstari mzima mara moja, gundi ikiwa mbichi, kwa ajili ya upenyo ambao mwenzangu aliapa hauonekani. Mimi niliuona.

Kiganja nilikibandika mwisho. Siku ya kujaza grauti kwenye viungo hivyo, mtoto wa ghorofa ya juu alirudi shuleni akatukuta tunafuta kuta kwa sponji. Akapanda ngazi tatu, akasimama. Kiganja kilikuwa kwenye kimo chake. Akakishika, akakitikisa kama anayesalimiana na mtu, akaendelea kupanda na mkoba wake.