Kununua Pikipiki ya Maji ya Kwanza Ukiwa Minnesota

Jimbo la Minnesota hujitambulisha kwa maziwa elfu kumi, na maneno hayo yameandikwa hata kwenye vibao vya namba za magari yetu. Si ajabu basi kwamba Mkenya au Mtanzania aliyekaa hapa miaka kadhaa, akamaliza kulipia masomo na kupata nyumba yenye gereji, huanza kuzitazama kwa jicho la mnunuzi zile pikipiki za maji (jet ski) zinazovutwa barabarani kila Jumamosi ya Juni. Wanaoniomba ushauri karibu wote huanza na mwendo wake. Mimi huwauliza wataipeleka ziwa gani, wataivuta kwa gari gani, na italala wapi maji yakishaganda, kwa sababu majibu ya hayo ndiyo yanayochagua chombo.

Maziwa yaliyomo ndani ya mji wa Minneapolis, kama Bde Maka Ska na Harriet, hayaruhusu injini za petroli, kwa hiyo anayeishi mjini hana budi kusafiri na trela. Wengi huelekea Minnetonka, upande wa magharibi, ziwa lenye ghuba nyingi na msongamano mkubwa wa boti siku za mapumziko. Mille Lacs, lililoko kaskazini, ni ziwa pana lililo wazi, na upepo ukishika huinua mawimbi kwa muda mfupi, jambo ambalo aliyekulia Mwanza au Kisumu hahitaji kuelezwa. Chombo chepesi kama Sea-Doo Spark hupendeza kwenye maji tulivu na huvutika hata kwa gari dogo, lakini mawimbi humchosha anayekiendesha, na watu wazima wawili wakiegemea upande mmoja hukipindua kwa urahisi. Nasi hatuna desturi ya kwenda ziwani wawili. Tunakwenda na mashemeji, watoto na mgeni aliyewasili juzi kutoka nyumbani, na kila mmoja anataka zamu yake. Ndiyo maana mimi humshauri mnunuzi wa mara ya kwanza atafute chombo cha watu watatu chenye umbo pana na injini isiyo na superchaja, yaani pampu ya kuisukumia injini hewa ili iongeze nguvu, kama vile Yamaha VX, Sea-Doo GTI au Kawasaki STX 160. Zile za nguvu za farasi 300 hunywa mafuta kupita kiasi, hudai matengenezo ya gharama, na katika ghuba iliyojaa waogeleaji hakuna mahali pa kuzitumia.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo mtu aliyezoea bodaboda hulipokea kwa shida. Chombo hiki hakina usukani wa majini kama wa mashua. Impela, yaani panga linalozunguka lililo chini, hunyonya maji na kuyasukuma nyuma kupitia mdomo mwembamba, na ni mdomo huo unaogeuka unapogeuza mpini, maana yake ni kwamba ukiachia mafuta ghafla kwa hofu, maji huacha kutoka kwa nguvu na chombo huendelea kwenda mbele moja kwa moja hata ukikata kona kwa mikono yote miwili. Mgeni akiona boti mbele yake huachia mafuta kwanza, halafu hukata kona, na kona haikatiki. Sea-Doo ilianza kuweka mfumo wa breki mwaka 2009, na Yamaha ikafuata baadaye na mfumo wake wa kupunguza mwendo. Kwa maoni yangu, mwenye familia asinunue chombo kisicho na mfumo wa aina hiyo, hata kama bei yake ni nafuu zaidi.

Baridi nayo ina hesabu zake. Injini za Yamaha na Kawasaki hupozwa kwa maji ya ziwa yanayopita ndani yake, na maji yakibaki humo wakati wa kuganda hutanuka na kuweza kuipasua. Sea-Doo hupoza injini kwa kimiminika kinachozunguka katika mfumo uliofungwa, ingawa bomba la moshi bado hupozwa kwa maji ya ziwa na lazima litolewe maji au litiwe dawa isiyoganda. Kwa hiyo gharama ya fundi wa kuandaa chombo kwa majira ya baridi ni ya kila mwaka, na asiye na gereji huongeza kodi ya ghala. Ukituma picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, watu wataona bei ya kununulia tu na kukadiria uwezo wako kwayo, kwa hiyo fikiri vizuri kabla ya kuituma.

Wakati mzuri wa kununua kilichotumika ni Septemba, wauzaji wanapotaka kuepuka kukihifadhi msimu mwingine, wakati mwezi wa Mei wao ndio wenye sauti. Kagua kwenye kioo cha vipimo jumla ya saa ambazo injini imefanya kazi, linganisha namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12 iliyo nyuma ya chombo na ile ya cheti cha usajili, na uchungulie impela kupitia wavu wa chini uone kama meno yake yamelika kwa mawe na mchanga. Chomoa kijiti cha kupimia oili: ikiwa oili imegeuka rangi kama maziwa, maji yameingia ndani, na mazungumzo yaishie hapo. Anayekataa kukipeleka majini ukijaribu hastahili fedha zako. Usisahau magurudumu na taa za trela, kwani trela mbovu huharibu siku kabla hujaliona ziwa.

Usajili hufanyika chini ya Idara ya Maliasili ya jimbo, na namba hubandikwa pande zote mbili za chombo. Sheria inakuruhusu kukiendesha kuanzia saa 3:30 asubuhi hadi dakika 60 kabla ya jua kuzama, na ndani ya futi 150 kutoka ufukweni, kwenye gati au kwa waogeleaji uende polepole bila kuinua mawimbi. Kila aliyepanda avae jaketi okozi, tena si lile la kujazwa hewa, na dereva ajifunge kamba inayozima injini akianguka. Tangu Julai 1, 2025, waliozaliwa baada ya Juni 30, 2004 wanatakiwa kuwa na kibali cha kuendesha vyombo vya majini, na kundi hilo linapanuliwa hatua kwa hatua hadi mwaka 2028 litakapowafikia waliozaliwa baada ya Juni 30, 1987.

Kabla ya kuondoka ziwani, ondoa majani yote, fungua vizibo maji yatoke, na usafiri navyo vikiwa wazi. Kome aina ya zebra, chaza wadogo wavamizi, waligunduliwa Minnetonka mwaka 2010, nao husambaa kwa kubebwa na vyombo vyetu, ndiyo sababu wakaguzi husimama kwenye njia za kushushia boti na faini hutozwa bila kujali kwamba wewe ni mgeni.