Kano ikihamishwa, unyayo unainuka tena

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, tunawaona wanaotembea wakiburuza vidole, kandambili ikichomoka mguuni kila hatua. Mara nyingi mshipa wa fahamu unaopita nje ya goti, chini kidogo, umekufa: kwa ukoma, ajali ya bodaboda, au kuanguka kutoka kwenye mkorosho. Mtu huyo bado anaweza kusaidiwa.

Daktari huchukua kano (kamba ngumu inayoshikiza msuli kwenye mfupa) ya msuli wa nyuma ya muundi, ule unaogeuza unyayo kwa ndani, huikata inaposhikia upande wa ndani wa unyayo, huipitisha mbele na kuishikiza juu ya unyayo ili sasa iuinue. Msuli uliohamishwa hupoteza nguvu kiasi, kwa hiyo ukiwa dhaifu tangu mwanzo, haufai. Kifundo cha mguu kiwe laini pia. Kikishakakamaa, au kano ya kisigino imefupika, hilo hushughulikiwa kwanza, ndiyo maana mazoezi ya kunyoosha yasisubiri tarehe ya upasuaji.

Baada ya upasuaji, hogo (plasta ngumu ya kufungia mguu) hukaa wiki 6 hivi. Tafadhali msilifungue nyumbani kwa sababu ya joto wala kuingiza kijiti kujikuna! Kano ikilegea au kuchomoka, kazi yote imepotea. Vidole vikivimba sana au kubadilika rangi, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Baada ya hapo ubongo hujifunza upya: mwanzoni wewe unajaribu kugeuza unyayo ndani, nao unyayo unainuka. Ganzi ya ukoma haiondoki kwa upasuaji huu, kwa hiyo kagua nyayo kila jioni usije ukawa na kidonda usichokisikia.