Frappé ya Thessaloniki
Euro 4 kwa kahawa isiyo na povu ni dhuluma, tena Thessaloniki, mji wa Ugiriki ilikozaliwa frappé, kahawa baridi ya povu! Mgahawa ulitazamana na bahari, viti vya chuma vimechomwa na jua la Agosti, na glasi niliyoletewa ilikuwa maji ya kahawia yenye barafu. Maziwa yalitiwa kabla ya kukoroga. Mafuta ya maziwa huua povu, na likishakufa halirudi.

Nikahamia kibanda kilicho karibu na uwanja wa maonyesho. Pale mzee alipima vijiko 2 vya chai vya kahawa ya kuyeyuka na 2 vya sukari, kipimo wanachokiita metrios. Glykos ina sukari vijiko 4. Sketos haina hata chembe. Akatia maji baridi ya kufunika unga tu. Wengi huharibia hapo: maji yakizidi, unapata mapovu makubwa yanayopasuka upesi. Akakoroga kwa kimashine cha mkononi sekunde 15 hivi, hadi povu likawa zito, rangi imefifia. Kisha barafu, maji baridi taratibu, maziwa mwisho kabisa, na mrija. Kahawa yake ni ya unga laini uliokaushwa kwa hewa ya moto. Ile ghali ya chengachenga, iliyokaushwa kwa kugandishwa, povu lake halidumu. Nililipa nusu ya bei ya ufukweni.

Uwanja huo ndio wa mwaka 1957. Katika maonyesho ya kimataifa, Sabasaba ya Wagiriki, Yannis Dritsas wa Nestlé alikuwa akinadi kinywaji cha chokoleti cha watoto, cha kutikiswa na maziwa. Mfanyakazi wake, Dimitris Vakondios, alitaka kahawa yake ya mapumziko akakosa maji ya moto. Akatikisa kahawa, maji baridi na barafu katika chombo kilekile cha chokoleti.

Frappuccino, kinywaji baridi cha kahawa cha Wamarekani, ilifuata miaka ya 1990, Boston, katika migahawa ya Coffee Connection ya George Howell. Starbucks, kampuni kubwa ya migahawa ya kahawa, ikainunua Coffee Connection mwaka 1994, na mwaka uliofuata ikaanza kuuza kinywaji hicho. Ile barafu yake husagwa. Ya Kigiriki huelea nzima.

Kwetu kopo la Africafe kutoka Bukoba lipo madukani na joto la Dar halihitaji maelezo, lakini ukiomba kahawa baridi unaletewa ya moto iliyotupiwa barafu, ladha imeshazama. Asiye na kimashine atie kahawa, sukari na maji kidogo kwenye chupa yenye kifuniko, atikise kwa nguvu nusu dakika.